Kiyoyozi kinapopuliza joto: niliyoyaona katika nyumba za Lubumbashi

Septemba ikiingia, Lubumbashi inabadilika. Baridi ya Juni na Julai imeshasahaulika, mijakaranda inaanza kutoa maua, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na mvua bado. Jua la kipindi hiki hadi mwisho wa Oktoba ndilo kali kuliko yote ya mwaka. Nyuzi 32 au 33 mchana ni jambo la kawaida, na nyumba zilizoezekwa kwa mabati bila dari hubaki na joto hilo hadi usiku wa manane. Ndipo simu yangu huanza kulia. Karibu kila anayepiga ameshajipa jibu kabla sijamsalimia: “Fundi, klima inapuliza moto tu. Gazi imeisha. Njoo uongeze.”

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Kazi nilijifunzia pembeni ya soko la Kenya, kwenye friji za wauza vinywaji baridi, kisha nikahamia kwenye viyoyozi vya majumbani watu walipoanza kuvinunua kwa wingi. Kama kuna jambo moja ninalotaka kila mwenye kiyoyozi mjini humu alijue kabla hajatoa hata faranga moja, ni hili: gazi haiishi. Si makaa ya mbabula, lile jiko la mkaa, yanayowaka hadi yakabaki majivu. Imefungwa ndani ya mabomba ya shaba na inazunguka humo humo. Kiasi kilichowekwa kiwandani ndicho kitakachokuwemo miaka 10 baadaye ikiwa hakuna inapovujia. Anayekuongezea gazi kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachotoka tena. Na kwa niliyoyaona mimi, mara nyingi hata tundu lenyewe halipo. Ugonjwa uko kwingine kabisa.

Niseme kwa ufupi mashine inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo mengine yote yatakuwa kukisia. Gazi ikiwa kimiminika hupita kwenye kibomba chembamba sana, shinikizo lake linashuka ghafla, kisha inachemka ndani ya mashine ya ukutani kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kuchemka huko ndiko kunakonyonya joto la chumba. Inarudi nje ikiwa mvuke, kompresa inaibana hadi inakuwa ya moto sana, feni ya nje inapeperusha joto lile, gazi inageuka kimiminika tena, safari inaanza upya. Kwa hiyo hewa ikitoka ya joto, mahali fulani kwenye safari hiyo joto halichukuliwi, halibebwi, au halitupwi. Kazi ya fundi ni kujua ni wapi. Kufungua chupa ya gazi ni jambo la mwisho, baada ya mengine yote kuangaliwa.

Huku kwetu ninaanza na telekomandi, yaani rimoti, na nina sababu. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10. Viyoyozi vingi vinavyouzwa siku hizi vinaweza kupasha joto pia. Basi katika nyumba yenye mzee au mtoto mchanga, mtu anabonyeza alama ya jua ili chumba kipate joto, miezi inapita, hakuna anayekumbuka. Septemba inafika, mashine inawashwa, bado iko kwenye alama ya jua, na inafanya kile kile ilichoambiwa. Ndiyo maana ninauliza kwenye simu kabla ya kupanda hata taxi: “Mama, angalia telekomandi. Unaona alama gani? Jua, tone la maji, feni, au ua la theluji?” Inatakiwa theluji. Ikiwa ni feni, mashine inazungusha hewa ya chumba tu na kompresa haiwaki. Ikiwa ni tone la maji, inakausha hewa kwa mwendo wa taratibu. Kisha shusha namba ya joto iwe chini kuliko joto la chumba, kwa mfano 24, na usubiri dakika 5. Mashine nyingi zina kinga inayoizuia kompresa kwa dakika 3 baada ya kuwashwa, kwa hiyo anayekata tamaa baada ya dakika 2 bado hajaijaribu.

Kuna mashine chache ambazo telekomandi iko sawa, theluji inaonekana, na bado bomba nene linalokwenda ndani lina moto wa kuunguza kiganja. Hapo vali inayogeuza mwelekeo wa gazi, ile inayochagua kati ya kupasha na kupoza, imekwama upande wa joto, au umeme wa sumaku inayoisukuma una kasoro. Hata huko gazi haina kosa.

Kipimo changu cha kwanza ninapofika ni kipimajoto. Naweka kimoja pale mashine ya ndani inapovuta hewa, juu, na kingine kwenye mdomo inapopuliza. Baada ya robo saa ya kufanya kazi, tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaniambia kwamba mashine inapoza. Ikiwa hewa inaingia na nyuzi 34 na kutoka na 23, mashine ni nzima hata kama chumba bado kina joto. Tatizo ni dirisha linalovuja, bati lisilo na dari, au mashine ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) iliyowekwa kwenye sebule iliyoungana na jikoni. Nimewaona watu wakiongezewa gazi kwa sababu ya paa. Dari ya kawaida ingewasaidia zaidi.

Jambo jingine linalowadanganya watu wa huku ni maji. “Fundi, zamani ilikuwa inatoa maji kwenye kampira nje, sasa haitoi hata tone. Si gazi hiyo?” Hewa ya Septemba ni kavu. Maji yale yanatoka kwenye unyevu wa hewa, si kwenye mashine. Januari, mvua ikinyesha kila siku, kampira kale kanatiririka. Kabla ya mvua kanaweza kukauka kabisa na mashine ikawa inapoza vizuri sana.

Chujio la ndani nitalipita haraka, kwa sababu kila mtu ameshaambiwa alioshe. Nitaongeza moja tu. Vumbi la barabara zetu zisizo na lami ni laini kama poda, linaziba chujio kwa wiki chache, na hewa ikikosa kupita, koili ya ndani, yale mabomba yenye vibati yanayonyonya joto, inapoa kupita kiasi hadi inaganda barafu. Barafu ikishaziba, hewa inayotoka ni kidogo na haina baridi. Ukiona barafu, zima, acha iyeyuke yenyewe, weka kitambaa chini. Usiikwangue kwa kisu. Alumini ile na shaba iliyo nyuma yake ni nyembamba, na tundu utakalolitoboa hapo litakuwa tundu la kweli.

Sasa mashine ya nje, ambayo ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayoumia.

Niliitwa kwenye lupango moja, yaani kiwanja chenye nyumba, huko Kampemba, familia kubwa, watu wema. Chumba kilikuwa cha bibi mwenye tansio, yaani shinikizo la damu. Daktari alikuwa amesema asikae kwenye joto kali. Mashine ilikuwa bado mpya. Ndani ilipuliza hewa ya vuguvugu. Ikifika saa 6 mchana inakata kabisa, jioni inarudi kidogo. Walikuwa wameshalipa gazi. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Mashine ya nje ilikuwa ndani ya kizimba cha nondo kwa ajili ya wezi, jambo ninalolielewa, kwa sababu shaba yetu hapa ina wanunuzi na wezi wanaijua bei yake. Lakini juu ya nondo walikuwa wameweka bati, na pembeni na mbele pia bati, ili jua na mvua visiipige. Mbele yake, hatua mbili tu, ndipo mahali pa kupikia. Mbabula mbili, sufuria ya bukari (ugali), kikaango cha samaki.

Nikakata umeme kwenye swichi kuu, nikafungua kifuniko. Vibati vyembamba vya alumini vilivyo nyuma ya mashine havikuonekana tena. Moshi wa mafuta ya kukaangia ulikuwa umevipaka utando wa kunata, na juu ya utando ule vumbi jekundu lilikuwa limejijenga, tabaka juu ya tabaka, hadi likawa kama ukuta wa matofali mabichi. Nilipopitisha ukucha, lilitoka pande nene. Na hewa ile kidogo iliyofanikiwa kupita ilikuwa ikigonga bati la mbele na kurudi tena nyuma, ikiwa ya moto zaidi kila mzunguko. Kompresa ya namna hiyo inafika mahali inajizima yenyewe kwa kinga ya joto. Ndiyo sababu ya kukata saa 6 mchana na kurudi jioni.

Kuosha kwake kunataka subira. Maji matupu hayatoi mafuta. Nilipaka maji ya sabuni ya vyombo, nikaacha dakika kadhaa, nikafunika bodi ya umeme kwa mfuko wa plastiki, kisha nikamwaga maji kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa, kwa shinikizo dogo. Mashine za kuoshea magari hazifai. Zinalaza vibati vile na baada ya hapo hewa haipiti tena kamwe. Maji yalitoka meusi, kisha mekundu, kisha ya kahawia, na ilichukua ndoo nyingi hadi yakatoka safi. Vibati vilivyokuwa vimelala nilivinyoosha kimoja kimoja kwa kichana chake. Tukaondoa bati za pembeni na ya mbele, tukaacha nondo. Bati la juu tukalipandisha liwe kivuli tu, lenye nafasi. Mama mwenye nyumba akahamisha mbabula upande wa pili bila mimi kubishana naye. Alikuwa ameyaona maji yale kwa macho yake.

Jua lilikuwa bado la saa 8. Kipimajoto cha ndani kikasoma 32 kuingia na 20 kutoka. Sikugusa gazi. Bibi alitoka barazani, akaingia chumbani akiwa ameshika fimbo yake, akakaa kitandani, akaniita: “Papa, Mungu akubariki,” nami nikamjibu, “Amina, Bibi.” Ile pesa ya gazi waliyoilipa kabla yangu ingetosha kumnunulia dawa, na hilo bado linaniuma.

Umeme ndio mlango wa pili ambao joto hupitia, na katika mji huu unastahili kuzungumziwa kwa kirefu. Sehemu ya umeme wetu inatoka mbali sana: waya mkubwa kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, uliokamilika mwaka 1982, una urefu wa karibu kilomita 1,700, na mitambo ya maji ya hapa Katanga kama Nseke na Nzilo inaongezea. Migodi inahitaji umeme huo, mitaa inahitaji, na watu wanaongezeka. Ikifika saa 1 jioni, kila nyumba imewasha jiko la umeme, taa, televisheni, na volti zinashuka. Kiyoyozi kimetengenezwa kwa volti 220. Kikipata 170, taa ya mashine ya ndani inawaka, feni ya ndani inazunguka, telekomandi inalia pii, kila kitu kinaonekana kizima. Lakini kompresa haina nguvu ya kuanza. Inaunguruma, inanyamaza kwa mlio mdogo wa tak, baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Aliye ndani ya chumba anahisi hewa ya joto tu.

Mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Bel-Air alinieleza habari zake kwa utaratibu, kama mwalimu anavyoeleza. “Mwanangu, mashine hii ina saa zake. Usiku wa manane inapoza hadi najifunika shuka. Alfajiri ni nzuri. Mchana ni ya kati. Kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 ni ya kupuliza moto. Mafundi wanakuja asubuhi, wanaikuta inafanya kazi, wanaongeza gazi kidogo, wanaondoka.”

Mtu anayekueleza hivyo ameshakupa nusu ya jibu. Gazi haina saa. Tundu halijifungi usiku. Kitu chenye saa ni umeme. Nikamwambia, “Mwalimu, sitakuja asubuhi. Nitakuja jioni, nikae nawe.” Akafurahi, akanikaribisha chai. Saa 12 na nusu multimeta, kipimio changu cha umeme, ilisoma volti 204 kwenye plagi. Saa 1 ikasoma 188. Saa 1 na nusu, wakati majirani wote wanapika, 171, na pale pale kompresa ilikata, ikajaribu kurudi, ikaunguruma na kunyamaza. Nikapima kwenye mita ya umeme, ukutani nje: 184. Volti 13 zilikuwa zinapotea ndani ya nyumba yenyewe, kwenye waya mwembamba uliounganishwa mara tatu kwa kusokotwa na kufungwa plastiki. Nilipogusa maungio yale kwa nje, yalikuwa ya moto.

Kisha nikapima kapasita, kile kikopo kinachoipa kompresa msukumo wa kuanzia. Juu yake palikuwa pamevimba, wakati pakiwa pazima huwa bapa. Imeandikwa mikrofaradi 30, ilisoma 19. Kapasita iliyochoka pamoja na volti za chini, kompresa haiwezi. Kifaa hiki ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na gazi, kinapatikana mjini, na kinabadilishwa kwa dakika chache. Kinatakiwa kiwe na mikrofaradi zile zile, na volti zile zile au zaidi, kwa kawaida 450. Lakini kinahifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, na umeme huo unaweza kukurusha ukutani. Asiyejua namna ya kukitoa chaji asikiguse.

Gazi nayo ilikuwa na shida, ila ilikuwa imezidi. Kila fundi aliyekuja asubuhi alikuwa ameongeza kidogo, na gazi ikizidi, shinikizo linapanda na kuanza kwa kompresa kunakuwa kugumu zaidi. Niliitoa yote kwenye mashine nikaiingiza kwenye chupa, nikarudisha kwa mizani kiasi kile kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine, gramu kwa gramu. Nikavuta waya mmoja mnene wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye mita hadi kwenye kiyoyozi, bila kuungwa popote. Akanunua stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti, yenye uwezo mkubwa kuliko ule ulioandikwa kwenye mashine, kwa sababu kompresa wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya inavyovuta ikishazunguka. Ile ndogo ya televisheni ingeungua siku ya kwanza.

Mashine za inveta, zile zinazobadilisha kasi ya kompresa kadiri ya mahitaji, hazina kapasita ya namna hiyo kwenye kompresa, zinaanza polepole, na nyingi zinavumilia volti za chini vizuri zaidi. Udhaifu wake ni bodi. Umeme unaporudi baada ya delestaji, yaani kukatwa kwa zamu, mara nyingi unarudi na mshtuko, na bodi ndiyo inayoungua. Ushauri wangu kwa wote, wenye inveta na wasio nayo: umeme ukikatika, chomoa au zima swichi ya kiyoyozi. Ukirudi, acha dakika 5 utulie, ndipo uwashe. Mijusi na siafu wanaoingia kwenye rilei za mashine ya nje wanaleta shida zinazofanana na hizi, feni inazunguka lakini kompresa haipati umeme. Kifuniko kifungwe vizuri na matundu ya waya yazibwe.

Basi gazi. Siku nyingine ni kweli inavuja, na dalili zake zinaonekana kwa macho. Bomba jembamba linaota barafu pale linapotoka kwenye mashine ya nje, wakati bomba nene halina baridi. Koili ya ndani inaganda sehemu ndogo tu ya mwanzo. Penye nati za shaba pana unyevu wa mafuta ulioshika vumbi jeusi, kwa sababu gazi inapotoka hutoka na mafuta ya kompresa. Paka povu la sabuni hapo, utaona mapovu yakikua. Mara nyingi ni kwenye nati, ambako shaba ilipanuliwa vibaya siku ya kufungwa au nati ilikazwa hadi ikapasuka.

Baada ya kuziba, ninaingiza naitrojeni yenye shinikizo kujaribu kama bado kuna tundu. Na hapa nataka kila kijana anayejifunza kazi hii anisikilize. Mji wetu umejaa wachomeleaji, na kila mtaa una chupa ya oksijeni. Usiingize oksijeni kwenye kiyoyozi au friji kutafuta tundu. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na hakuna cha kuokoa. Hewa ya pampu ya tairi nayo haifai: ina unyevu, na ina oksijeni ndani yake. Ukikosa naitrojeni, ahirisha kazi.

Kisha pampu ya vakumu, inayonyonya hewa na unyevu kutoka ndani ya mabomba, nusu saa au zaidi. Kuna mafundi wanaoruka hatua hii, wanaachia gazi kidogo ifukuze hewa. Hewa inayobaki ndani haigeuki kimiminika. Inakaa kwenye koili ya nje na kupandisha shinikizo. Unyevu unaobaki unaingia kwenye mafuta na kuunda asidi inayokula kompresa polepole. Mteja halioni hilo siku ile. Ataliona baada ya mwaka.

Aina ya gazi imeandikwa kwenye kibao cha mashine ya nje, na kila mwenye nyumba anaweza kuisoma mwenyewe. R-22 ikiwa inafanya kazi, shinikizo la upande wa bomba nene linasoma karibu bari 5. R-410A inasoma karibu bari 8. Fundi aliyezoea R-22 akiijaza R-410A hadi bari 5 na kusema imetosha, ameacha mashine na njaa: koili itaganda na chumba hakitapoa. R-410A ni mchanganyiko wa gazi mbili, kwa hiyo inaingizwa ikiwa kimiminika, polepole, kwa mizani, ili mchanganyiko usiharibike. R-32, inayokuja kwenye mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi. Hakuna sigara wala mbabula karibu, na kabla ya kuchomelea bomba lolote gazi itolewe yote.

Na isitolewe hewani. R-22 inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na nchi kama yetu zinaipunguza karibu yote ifikapo 2030. R-410A haigusi ozoni, lakini kilo yake moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo ya hewa ya kaboni; gazi za jamii hiyo ndizo zilizojadiliwa Kigali, jirani zetu, mwaka 2016. Nasema haya kwa sababu mvua zinachelewa na wazazi wetu wanaolima nje ya mji wanaziona zinavyochelewa. Chupa ya kukusanyia gazi si mzigo mkubwa kuibeba.

Inabaki ile hali ambayo hakuna anayetaka kuisikia. Kompresa inazunguka, inavuta umeme kidogo kuliko inavyopaswa, lakini manometa, kile kipimio cha shinikizo, inasoma karibu sawa pande zote mbili, bomba moja halina moto na jingine halina baridi. Ndani yake vali zimekufa, inazunguka bure. Ikiwa mashine ni ya R-22 na ina umri, ninamwambia mteja wazi asinunue kompresa, kwa sababu gazi hiyo inazidi kuwa adimu na ghali, na nyingi inayouzwa sokoni siamini kilichomo. Pesa hiyo aiweke kwenye mashine mpya ya inveta. Akiinunua, mabomba ya zamani yasitumiwe hivi hivi: mafuta yaliyokuwemo na R-22 hayapatani na mafuta ya R-32, kwa hiyo yasafishwe kwa naitrojeni na dawa yake, au yawekwe mapya, nami kwa mji huu napendelea mapya. Na mashine ya nje ifungwe kwenye ukuta wa kusini ikiwezekana, kwa sababu Septemba jua letu bado linapita upande wa kaskazini na ukuta ule unabaki kivulini. Wa magharibi unapokea jua lote la alasiri, saa zile zile ambazo chumba kinaihitaji mashine kuliko wakati mwingine wowote.